Jerikeni ya Haboba Rejina Haina Namba

Jumatatu, 2 Machi

Wazima wote. Baba Keji mzima, mgongo tu unamsumbua kwa kupakia malori kule Sherikat. Keji mzima. Mdogo wake Wani mzima, kikohozi kimekwisha. Mdogo wangu Jokudu mzima, na mtoto wake mzima. Kuku wawili wazima. Mimi mzima. Barua zote nilizoandika kambini Uganda zilianza hivi, mkono haujui njia nyingine.

Nimetoka bombani. Nilipanga jerikeni kabla jua halijatoka, nikawa wa tisa. Lori linajaza tenki mara moja tu kwa siku, na joto hili halina huruma. Aliyechelewa anameza mate.

Kesho inaanza foleni ya simu. Kazi ya Keji na wenzake watatu wa sekondari. Mwalimu aliwauliza: simu imebadilisha vipi watu wanavyokaa pamoja na wanavyoamua mambo yao? Wasijibu kwa karatasi, watengeneze kitu. Wao wakachagua bomba letu. Saa kumi na mbili asubuhi unaandika jina kwenye grupu la simu, unapata namba, unakwenda kwa zamu yako. Tarehe 14 wataonyesha shuleni pamoja na makundi mengine, kazi bora ipate zawadi, na kamati ya mtaa itaamua kama ibaki hivyo daima.

Mtoto wangu huyo. Mimi niliishia darasa la nne.

Jumanne, 3 Machi

Nililala mpaka jua likaingia mlangoni. Keji aliniandika akiwa bado kwenye mkeka. Namba nne. Nilikwenda, nikachota, nikarudi. Chai ilikuwa bado ya moto.

Mama Nakato, Mganda mwenye duka na ufunguo wa bomba, amefurahi kuliko wote. Anasoma majina kwenye simu kama padri anasoma matangazo. Ananiambia, "Nyabo, mama, sasa tunalala kama mawaziri."

Nilifika sokoni Konyo Konyo mapema. Bamia kavu ninayouza ilitoka yote.

Alhamisi, 5 Machi

Namba mbili leo. Bombani hakuna mtu. Unachota, unaondoka. Sijui mtoto wa jirani kama homa imeshuka. Zamani ningejua kabla ya kufunga kifuniko.

Si kitu. Maji ninayo.

Keji anasema demokrasia, demokrasia, tangu asubuhi. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni watu wote kuamua pamoja, kama walivyopiga kura ya foleni, na wote wakasema ndiyo. Nikauliza wote ni akina nani. Akasema, "Mama, wote walio kwenye grupu."

Nikaendelea kuchambua maharage. 

Jumamosi, 7 Machi

Siku mbaya. Niandike yote.

Nilikuwa narudi kutoka sokoni kwa boda, nikamwona Haboba Rejina anapanda kutoka mtoni na jerikeni kichwani. Yule bibi wa ng'ambo ya barabara, anayekaa peke yake. Umri ule. Jua lile. Nikashuka kwenye boda nikampokea. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nikamuuliza kwa nini mtoni na bomba lipo. Hakutaka kusema. Nikamng'ang'ania. Akasema Jumanne alikwenda alfajiri kama kawaida, akaweka jerikeni yake mbele kabisa, akakaa juu yake. Mama Nakato akaja akasoma majina. Lake halikuwepo. "Haboba, jina yako haiko." Tenki likaisha yeye amekaa, na mimi siku hiyo nilichota mbio, sikumwona. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi akaenda mtoni.

Siku tatu anakunywa mto. Watu wamekufa kwa maji ya mto, tumewazika.

Nikasema, mbona hukuja kwangu? Akasema, "Binti yangu, nilisikia ni kazi ya shule ya Keji. Nikaona nisimharibie."

Nimempa jerikeni yangu yote. Nimemwaga ile ya mto mwenyewe. Nina aibu mpaka kwenye mifupa.

Jumapili, 8 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Keji aliimba kwaya, uso unang'aa. Sikumwambia.

Nimemwambia baba yake. Anasema ningoje mpaka tarehe 14 ipite, mtoto aonyeshe kazi yake, mambo mengine baadaye. Usimvunje, anasema. Lakini tarehe 14 kamati inaamua. Baadaye itakuwa imechelewa, na Haboba anakunywa leo, hanywi baadaye.

Mimi mwoga. Nimepika, nimeosha vyombo, nimefagia mara mbili. Mwoga.

Jumatatu, 9 Machi

Nimemwambia Keji.

Akawaka. Kwamba nataka warudi nyuma. Kwamba wazee wanaogopa kila kipya. Kwamba Haboba angeomba mtu amwandike. Nikamuuliza angemwomba nani, na pale bombani siku hizi hakuna mtu wa kuombwa. Akasema sielewi mradi. Labda. Ninaelewa bibi anayebeba maji ya mto kichwani.

Hakula. Ameingia ndani ya tukul, kibanda chetu cha nyasi, akafunga.

Jumatano, 11 Machi

Siku ya pili hasemi nami. Anasema na Wani, anasema na Jokudu, anasema na kuku. Ananiandika kwenye grupu bado. Namba tatu.

Nimebeba maji ya Haboba asubuhi kabla ya yangu. Wani amenisaidia. Kila siku siwezi, na si yeye peke yake, najua.

Moyo unauma lakini sirudi nyuma. Kusoma sikusoma. Kupanga jerikeni nimepanga tangu nina miaka sita, kwetu, kambini, na hapa. Hilo nalijua kuliko mwalimu yeyote.

Alhamisi, 12 Machi

Keji hakuwa kwenye mkeka nilipoamka. Nikapiga kelele mpaka jirani akatoka.

Alikuwa bombani. Peke yake, simu ameiacha nyumbani, amekaa juu ya jerikeni. Alitaka kuona nani anakuja bila namba. Wamekuja sita. Haboba, hataki nimbebee kila siku. Yule mwanamume kipofu anayesuka kamba. Mwanamke mgeni na binti yake, wametoka kijijini mwezi uliopita. Wasichana wawili ambao simu ya mama yao iliibwa. Majina yakasomwa, wote wakakosa.

Amerudi macho mekundu. Alikaa karibu na moto wangu. Akauliza, zamani mlipangaje, nani alikuwa anaamua?

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza. Jerikeni ndiyo mtu. Ukiiweka, umefika, hata ukienda kunyonyesha. Mwenye msiba tunasukuma ya kwake mbele, hakuna anayetoa hotuba. Mwenye mimba kubwa hivyo hivyo. Anayebishana anabishana pale pale, mbele ya macho ya watu, na kabla tenki halijafunguliwa tumemaliza. Na ugomvi ulikuwepo, sikumficha. Mama Nakato aliwahi kumng'ata mtu kidole.

Keji alicheka. Akaandika yote kwenye daftari lake. Halafu akaenda kwa wenzake, hakurudi mpaka chakula cha jioni.

Jumamosi, 14 Machi

Leo ndiyo leo.

Walichora mtaa wetu wote kwenye uwanja wa shule kwa chokaa, kila nyumba mraba wake. Walituambia kila nyumba ije na jerikeni tupu, iweke kwenye mraba wake. Tukaweka. Ilipendeza, njano tupu chini ya jua. Keji akashika simu akasoma jinsi kura ilivyokwenda. Wote ndiyo. Watu wakapiga makofi. Halafu wenzake wakapita kimya, wakazilaza chini jerikeni za nyumba ambazo hazimo kwenye grupu. Moja, moja, moja. Zikawa nyingi. Hakuna aliyepiga makofi tena.

Keji akasema, hii ndiyo kura tuliyopiga, na kosa lilikuwa letu sisi wanne. Akataja majina yao, na la kwake kwanza. 

Mwenyekiti wa kamati akasimama. Akasema kazi nzuri, lakini kura imeshapigwa, na siku hizi simu ni bei rahisi, wasio nazo wanunue. Watu wakacheka. Mwalimu akaangalia viatu vyake.

Sijui nilisimamaje.  Nikasema, "Mheshimiwa, mimi simu ya kuandikia sina. Naandikwa na huyu mtoto. Akienda kusoma mbali, nami nishuke mtoni?" Kuna mtu nyuma akasema Mama Keji ameanza siasa. Nikamwambia siasa ni kiu, mwanangu, ngoja ukauke. Wakacheka tena, safari hii upande wangu.

Kisha Haboba Rejina akasema kutoka alipokaa, hata hakuinuka. "Mimi nilikuwepo. Sikuulizwa."

Basi.

Keji akasema tupige kura upya, kwa jerikeni, kila nyumba moja, na kwanza tubishane. Tukabishana mpaka kivuli kikahama. Wenye kazi za mapema wanataka simu, na wana haki, hata mimi bamia yangu inataka. Mwisho jerikeni nyingi zilikwenda upande huu: nusu ya kwanza ya tenki ni ya waliopanga jerikeni chini, nusu ya pili ni ya simu. Wachache walikasirika wakaondoka na jerikeni zao. Mwenyekiti akaandika uamuzi huo.

Zawadi ya kwanza walipata wengine, waliocheza mchezo wa uvumi unaosambaa kwa simu. Ulikuwa mzuri, nilicheka. Keji hakulia. Amebeba jerikeni yetu mpaka nyumbani, amenishika mkono barabarani kama alipokuwa mdogo.

Jumanne, 17 Machi

Wazima. Baba Keji anasema mgongo afadhali.

Asubuhi nimepanga chini, nimekuwa wa tano. Mama Nakato amenuna, anasema sasa ana foleni mbili na kichwa kimoja. Yule mwanamke mgeni anaitwa Tabitha. Binti yake anataka kusoma, nimemwambia aje aonane na Keji.

Haboba hakuja. Mimi nilikuwa naangalia maji, sikuona. Keji ndiye aliyeona. Alikuwa kwenye foleni na sare ya shule, akaniuliza, "Mama, Haboba yuko wapi?" Kabla sijajibu ameshaweka begi chini na anavuka barabara.

Nimebaki na jerikeni zote tatu. Naandika hapa hapa, daftari gotini. Nimemwambia kwa sauti akiwa tayari ng'ambo: mwangalie, mguse paji la uso kama ana homa, halafu niletee neno upesi.