Maonyesho ya Vitabu Yaliyodhaniwa Mahubiri

Jumamosi, Agosti 1979

Kumbe walidhani sisi ni wahubiri! Kutwa nzima watu wa Makadara wamepita mlangoni pa holi, wakatazama meza yetu ya vitabu, wakaharakisha. Mama mmoja mwenye kikapu aliniambia kwa upole, "Asante mwanangu, sisi tulishaokoka." Hapa mtaani, anayepanga vitabu mezani huwa anauza wokovu.

Na vitabu vyenyewe! Bwana Mutuku, dereva wa lori, ameandika safari ya mwezini. Mama Zuhura mwenye duka ameandika habari za jini anayeishi katika bafu la pamoja. Wachapishaji hawataki hadithi za namna hiyo, kwa hiyo walizichapa wenyewe kwa mashine ya stensili. Mimi ndiye niliyewaomba waje.

Jioni Mama Zuhura alivifunga vitabu vyake kwa leso. "Mwanangu, kesho ikiwa hivi tena, mimi narudi dukani kwangu."

"Kesho watakuja," nikasema. Sijui ujasiri huo niliutoa wapi.

Holi ni yetu hadi kesho tu. Darasani nikiitwa kusoma kwa sauti huwa naruka mistari ili nimalize upesi, na hapo ni mbele ya wenzangu tu, sasa mbele ya mtaa mzima...

Basi kesho sitaruka hata mstari mmoja. Watu wakitoka kanisani nitasimama mlangoni, nisome kwa sauti ukurasa wa kwanza wa Mama Zuhura, pale jini anapogonga mlango wa bafu na kuuliza, "Bado unaoga?"

Hakuna mhubiri anayeanza hivyo.