Kisu cha Baba na Sailensa ya Gerrit

Point, Durban

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Naomba barua hii ikukute umekaa, goti limetulia, na yule paka mwizi hajakumalizia samaki. Mimi mwanao ni mzima wa mwili. Moyo ndio hautulii, kwa hiyo nivumilie nikianzia mbali.

Kazi yangu huku unaijua. Bosi wangu Gerrit anapiga swala mashambani, mimi naukimbilia mlio wa bunduki nimchinje mnyama angali hai, na nyama inauzwa kwa Waislamu wa Isipingo. Akifa kabla ya kisu, huo ni mzoga.

Baridi ilipokuwa inaisha alinichukua hadi Umbilo kuchagua sailensa, lile bomba la kupunguza mlio linalofungwa kwenye mdomo wa bunduki. Muuzaji alisema hakuna inayozima mlio kabisa, hayo ni ya sinema. Fupi inaacha kelele zaidi, lakini haikwami vichakani wala mlangoni mwa gari. Ndefu ni tulivu, ila unatembea na mtutu kama mwiko wa pilau ya harusi. Gerrit kila siku hulalamikia urefu wa bunduki yake, nikajua atachukua fupi.

Tuliazimwa zote mbili tukazijaribu shambani. Akanisimamisha ng'ambo ya bwawa, pale pale ninaposubiri siku zote, akapiga. Nikamwambia fupi nimeisikia vizuri, ndefu ni kama mlango uliosukumwa na upepo. Akanisifu masikio, eti sharp, Pandu, kisha akanunua ndefu. Nami nikavimba kichwa, Mama!

Tangu hapo nyama ikawa nyingi na kisu changu kikawa hakina kazi. Nikiuliza, ananijibu eish, masikio yako yanazeeka. Masikio gani? Kikohozi cha jirani nakisikia ukutani. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Juzi nikapanda kwenye gari lake la barafu. Swala wamekatwa shingo, na damu imeganda ndani. Kisu kilipita roho zimeshatoka, na hakikuwa changu.

Nilimkabili, hakukana. Alisema namchelewesha na bismillahi zangu, na wateja wanatazama kibao cha halali mlangoni, hakuna anayeuliza habari za shingo. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku ya sailensa. Mwenye duka wa Isipingo nimemweleza yote, na kazi imekwisha. Hilo halinilizi.

Mama, ile nyama kavu niliyokutumia kwa hitma ya Baba, Gerrit alinipa zawadi baada ya sailensa. Ulinipigia simu ukifurahi kwamba wasomaji wote walikula wakamwombea. Sijui kama niliichinja mimi. Baba alinikabidhi kisu chake akaniusia nisimguse mnyama aliyekwisha kata roho, na huenda watu tumewalisha mzoga kwa jina lake. Naona aibu hata kuandika. Waliokula hawakujua, hawana dhambi.

Wasalimie wote waliohudhuria, ila usiwaambie kitu. Ijumaa baada ya sala mimi mwenyewe nitampigia maalim aliyesimamia hitma, nimweleze. Kisu nimekiosha nikakifunga kitambaa, nakuja nacho nyumbani.

Mwanao,
Pandu