Chuo Kilipokuja Kutuhesabu

Ngara, Jumamosi, 12 Mei 2007

Leo nitasema yote, isipokuwa jina langu na la mama yangu. Ukungu haujaondoka kilimani tangu asubuhi, na sketi yangu imelowa hadi magotini. Nimechoka. Si uchovu wa kulima. Ule ukilala unakwisha.

Naandika nikiwa maktaba ya chuo. Ni tawi dogo tu la chuo kikuu, lililoingia katika majengo yaliyoachwa na shirika moja la wakimbizi. Siku za Jumamosi sisi wa sekondari tunaruhusiwa kuingia, na dada wa maktaba ndiye aliyetufundisha kufungua blogu.

Mashirika yalipoanza kufunga, mji ulinyamaza. Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa ameacha chaki zamani, akawa mtunza stoo katika kambi ya wakimbizi ya Lukole. Shirika lake lilipoondoka, naye akaondoka nalo. Mama akawa anarudi kutoka sokoni na mkungu wake wa ndizi kichwani vilevile alivyokwenda nao. Kisha chuo kikaja. Wanachuo wakapanga vyumba vilivyokuwa vitupu, vinyozi wakarudi, fundi cherehani wa stendi akapata suruali za kupunguza, na mama akaanza kupika ndizi na maharage nyuma ya soko. Wanachuo wanampenda kwa sababu haoni taabu kuongeza mchuzi. Tunakula kwa sababu yao. Nalisema hili mapema ili msifikiri mama anakichukia chuo.

Mimi nipo kidato cha nne. Hisabati najifundisha mwenyewe, kwa kitabu ambacho kurasa zake za mwisho, zile za majibu, zilichanwa.

Basi mwezi uliopita mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba wanachuo watapita nyumba kwa nyumba kuhesabu watu. Hakueleza sababu. Kumbe walitaka kujua wanafunzi wa sekondari wanaishi upande gani, wafungue darasa la jioni karibu nao na kuwafundisha bure.

Lakini kwetu kuhesabiwa si jambo dogo. Kambini, ukihesabiwa unapewa: unga wa njano, mafuta, blanketi. Nje ya kambi, kwa watu kama mama, ukihesabiwa unapandishwa lori.

Kila nyumba ikajiandaa kivyake.

Jirani yetu Mama Koleta ni Mhangaza wa hapa hapa. Miaka yote ile aliwaona watu wa kambini wakigawiwa, yeye akitazama tu. Aliapa kwamba safari hii hapitwi. Akaazima watoto wa dada zake, akaazima na wa shemeji zake, akawapanga uani wameoga. Aliyekuja kuhesabu ni Dada Rehema, mwanachuo kutoka Morogoro.

"Shikamoo mama. Hawa wote ni wako?"

"Marahaba. Wangu, mwanangu. Mungu hakuninyima."

"Na wewe mdogo, unaitwa nani?"

"Mimi nimeambiwa nikae mpaka biskuti zije."

Watu walicheka hadi barabarani. Mama Koleta hakutikisika. "Huyo ana homa," alisema. "Mwandike hivyo hivyo."

Nyumbani kwetu hatukucheka. Mama alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa bibi, kabla kambi hazijakuwapo. Hana karatasi yoyote. Mimi nilizaliwa hapa, na baba amezikwa hapa, kwenye migomba yetu. Mwaka jana familia moja ya karibu na kisima, watu kama sisi, walihesabiwa, wakapelekwa kambini, kisha wakapandishwa lori la kurudishwa Burundi. Maharage yao yalikauka shambani bila mvunaji.

Kwa hiyo mama alinisukuma chumbani pamoja na sare yangu na madaftari yangu.

"Usikohoe. Urumva?"

Nikasikia; Kirundi humtoka akiogopa. Nilikaa sakafuni nimekumbatia viatu vya shule. Dada Rehema ananijua kwa sura kutoka hapa maktaba, ila hajui mimi ni mtoto wa nani. Mama akamkaribisha kigoda, akamwambia anaishi peke yake.

Peke yake.

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa.

Leo asubuhi, hapa maktaba, Dada Rehema ametueleza walichopata. Upande wetu una watoto wadogo wengi ajabu, lakini wanafunzi wa sekondari karibu hakuna. Maana yake si mama peke yake aliyeficha. Darasa litafunguliwa ng'ambo ya bonde, ambako msichana hawezi kurudi kwa miguu jioni. Nadhani aliona nyuso zetu zilivyobadilika, maana aliongeza kwamba waliosahaulika waje Jumatatu, waseme wanaishi nyumba ipi, mzazi ni nani, na mzazi alizaliwa wapi.

"Ni maswali ya kawaida tu," alisema, akatabasamu. Ni mtu mwema. Sidhani kama amewahi kuulizwa swali hilo na mtu wa kumwogopa.

Nikijitaja, na wenzangu wakijitaja, darasa linaweza kuletwa kwetu. Nitafaulu Hisabati. Labda siku moja nitaingia humu hata siku isiyo Jumamosi. Lakini hakuna njia ya kujitaja bila kumtaja mama, na mama sasa hivi yuko nyuma ya soko anawapakulia hao hao wanachuo, akiamini kwamba jambo limekwisha.

Sijamwambia. Akijua kwamba darasa linatupita kwa sababu yake, ataumia. Na nikimwomba ruhusa atakataa, kisha hatalala.

Sihitaji mtu wa kuniambia niwe jasiri. Nahitaji anayejua mambo ya ofisi, naye anijibu hapa hapa kabla ya Jumatatu: majina yanayokusanywa na wanachuo hubaki chuoni, au hupelekwa na wilayani?