Usingizi wa Nyakwesi

Mjukuu wangu Magesa,

Hapa Murangi tumeamka. Babu yako bado anakohoa, na mama yako amelima mihogo mpaka karibu na ziwa. Umeniuliza kama unaweza kumeza vidonge vya usingizi alivyokupa rafiki yako, pamoja na dawa zako za hospitali.

Dada yangu Nyakwesi alikuwaga na ugonjwa kama huo wako mnaouita baipola, leo moyo uko juu ya mawingu, kesho uko chini kabisa. Hospitali walimpa dawa akatulia, ila usingizi ukawa mgumu. Kwetu hatumwendei mgonjwa mikono mitupu, na mgonjwa hakatai. Shangazi akaleta mizizi, jirani akaleta vidonge vyake. Nyakwesi akanywa vyote kwa heshima, daktari asijue lolote.

Asubuhi iliyofuata tulianika dagaa kwa kunong'ona, tukifurahi kwamba hatimaye amelala. Mama alifukuza hata kuku mlangoni. Jua lilipofika utosini ndipo tukaingia, tukamkuta ameshakuwa baridi.

Dawa za hospitali usiziache. Hivyo vidonge vya rafiki usimeze, mpelekee daktari wako kwanza avione. Rafiki akinuna, mwambie bibi amekukataza. Na ukilala, mjukuu wangu, awepo mtu wa kukuamsha.

Bibi yako