Maji ya Mtambo wa Neema

Alhamisi

Mtambo wa Neema hauzunguki! Na mimi nimeshawaita watu wote waje kuona taa za kijiji zikiwaka.

Leo nilishuka mtoni kumwona mwanangu Neema, fundi umeme, msichana wa kwanza hapa kwetu kusomea kazi hiyo. Alinieleza hadi mimi wa darasa la saba nikaelewa: maji yanashuka kwenye bomba, yanasukuma gurudumu, umeme unatoka bila kuchoma mafuta. Lakini maji yalikuwa kidogo mno.

"Nani anayachukua?" nikafoka. "Nitamvuta masikio!"

"Mama, twende juu ukamwone."

Tukakuta mfereji wangu, ule ninaojivunia, umejaa maji ya mto hadi kwenye kabichi zangu. Pamoja na mifereji ya majirani wanne niliowafundisha kuchimba. Mmoja wao, Mama Zaina, akacheka: "Mama Neema, taa zako utaziwasha kwa mate?"

Nimeufunga wangu. Kabichi zitakauka, na maji bado hayatoshi. Neema hakunilaumu.

Kesho nitawapigia magoti wote wanne. Wakikataa...

Mungu wangu, wifi zangu wa Magoma na kwaya nzima wanakuja Jumapili.