Mpaka Nilioukabidhi kwa Mto

Kibiti, Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, na vumbi la barabara limeingia hata katika kidau cha wino. Pamoja na hayo nafsi yangu imeridhika, nami naona ni wajibu kueleza sababu, ingawa sababu hiyo hainipambi.

Leo nilikamilisha hati ya sulhu baina ya Bi Zaina, mjane wa kijiji cha Mahege, na shemeji yake Mzee Selemani, ndugu wa marehemu mumewe. Kwa misimu mitatu wamegombania mpaka wa mashamba yao ya mpunga huko bondeni. Baraza likawaamuru wapatane wenyewe, walete karatasi Jumamosi ithibitishwe. Wakapatana, wakaja kwenye meza yangu, kwa kuwa watu husema hapa Kibiti hakuna aandikaye kama mimi.

Nakiri kwamba maneno hayo hunipendeza.

Sikufundishwa ukarani na mtu. Nilijifunza kwa kunakili barua kuukuu za serikali, mstari kwa mstari. Basi nilipoandika, "Mpaka utakuwa ukingo wa mto, na pande zote mbili zimeridhia kutodai tena neno lolote juu ya ardhi hii, sasa wala milele," nilijiona nimejenga nyumba ya mawe.

Niliwasomea mara moja tu, kwa sauti ya barazani. Mzee Selemani akaitikia upesi. Nikashika kidole gumba cha Bi Zaina, nikakichovya katika wino.

Akauvuta mkono.

"Karani, hebu nisomee tena hapo penye mto."

Nikasoma.

"Mto upi?"

Nikamjibu, kwa ukali kidogo, kwamba ni Rufiji, wala sijui mwingine.

"Wa mwaka huu au wa mwakani? Mwaka juzi ulipita nyuma ya dungu langu la kulindia ndege, sasa unapita mbele yake. Ukirudi nyuma, shamba langu lote liko upande wa shemeji. Nami nimekwisha kusema sidai, sasa wala milele!"

Mzee Selemani akacheka hadi kofia ikamwinama. "Shemeji, mto ni wa Mungu. Mimi siusukumi."

"Huusukumi, lakini unaungoja," akamjibu, huku akipangusa kidole chake kwenye hati yangu, juu ya neno "milele".

Nilikaribia kukasirika. Kisha nikaona haya. Mimi ni mtu wa huku juu, mafuriko nayajua kwa kusimuliwa. Niliuandika mto kama mtu aandikavyo barabara.

Asiyejua kusoma ndiye aliyeielewa hati kuliko mwandishi wake.

Nikachukua karatasi mpya, nikawauliza nililopaswa kuuliza tangu mwanzo: ni kitu gani huko bondeni kisichohama? Walibishana kitambo. Hatimaye Mzee Selemani akakubali, pengine kwa aibu, pengine kwa kuchoka: kutoka mkwaju alioupanda marehemu hadi mti wa mvumo uliokatika kichwa.

"Na mvumo ukianguka?" akauliza Mzee Selemani.

"Kisiki chake kitabaki," akasema Bi Zaina. "Andika na kisiki, Karani."

Nikaandika. Sentensi ya mwisho aliitamka yeye: "Mto ukihama, mpaka hauhami." Nilitaka kuipamba, nikajizuia. Na ile ahadi ya kutodai tumeifunga kwa mpaka huo peke yake, isimeze mambo ambayo hatukuyazungumza.

Halafu nikafanya jambo ambalo sijapata kulifanya. Kabla ya wino, nilimwomba kila mmoja anieleze kwa maneno yake mwenyewe hati hii inampa nini na inamnyima nini. Mzee Selemani alikwama mara mbili, nikamsomea upya. Bi Zaina hakukwama hata mara moja. Ndipo wakatia dole gumba, wakaondoka pamoja wakitaniana, shamba la mjane likiwa bado ni lake, maji yaende yatakako.

Hati iliyochafuka nimeibandika ukutani, juu ya meza. Naitazama bila uchungu.

Ila inanikumbusha jambo moja. Mwaka jana niliwaandikia ndugu wawili wa Kiongoroni hati ya sulhu, na mpaka wao niliuweka kwenye kijito kipitacho mikokoni. Je, kijito hicho kingali mahali pake?

Kesho, kabla ya kazi nyingine yoyote, nitawapelekea barua waje na hati yao. Nitawasomea polepole. Kisha nitanyamaza, niwasikilize.