Baka Lisilowasha

Kariakoo, Dar es Salaam

Kaka Juma,

Shikamoo. Naomba Mungu awe amewaweka salama, wewe, mama na wote hapo nyumbani. Kwenye bahasha nimetia barua mbili. Ile ndefu msomee mke wangu ukumbini, watu wote wakisikiliza kama kawaida. Hii isome peke yako.

Uliniandikia kuwa mwanangu Zuhura ana baka mgongoni, na mama yake amefurahi kwa kuwa hajikuni. Nilisoma mara tatu.

Mimi nina baka mkononi tangu mwaka jana. Nilidhani choa. Kule Mchafukoge kwa dobi tunakopiga pasi, jasho halikauki mwilini na hakuna asiyepata choa. Mwenzangu alipojipaka limau na chumvi alilia kama mtoto. Mimi nilijipaka, sikuhisi kitu. Nikamcheka! Nikajiona mwanamume.

Wiki iliyopita tajiri wetu, Mhindi, akanusa moshi. "Selemani! Unaunguza shati la nani?" Nikatazama shati, zima. Pasi ya makaa ilikuwa imeegemea mkono wangu.

Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, alinifumba macho akanigusa kwa unyoya. Akasema choa huwa mviringo, ukingo umevimba kidogo, na huwasha. Upele huwasha zaidi, na hupenda katikati ya vidole. Hili langu limepauka tu, halitoi jasho, vinyweleo vimekwisha, limekufa ganzi. Ni ukoma, Kaka. Vidonge vipo, vya kumeza miaka, lakini mkono uliokwisha kufa haufufuki. Tajiri kanifukuza kabla sijamaliza kumweleza, na simlaumu, maana nani angemletea tena nguo? Jumatatu napelekwa kwenye makazi ya wakoma.

Sasa mtoto. Mfumbe macho kama mchezo, mguse hilo baka kwa unyoya wa kuku, aonyeshe kwa kidole palipoguswa. Asipoonyesha, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usimsikilize mtu wa mizizi. Likizo yangu yote alilala juu ya mkono huu. Nimejaribu kutumaini, nimeshindwa.

Nisalimie mama, shemeji, na mjomba anayetuchungia mbuzi. Na Zuhura mbebe kwa niaba yangu, ikiwa hutaogopa.

Ni mimi mdogo wako,
Selemani